Fundi wa Biblia wa soko la Kibuye, Kisumu: kazi yake, bei yake, na kitabu nilichompelekea

Nianze na bei, maana ndiyo niliyoulizwa kanisani kabla ya kitu kingine. Kushona upya Biblia nzima, kuweka jalada jipya la ngozi bandia na kurudishia karatasi moja iliyoharibika, nililipa shilingi 850. Alianza na 1,000, nikamwomba, akapunguza. Kwa pesa zinazokaribiana na hizo ningepata mpya, na kifungua mimba wangu aliniambia waziwazi: "Mama, si ununue tu nyingine?" Ninaandika haya kumjibu yeye, na mwingine yeyote mwenye kitabu kilicholowa na hajui apeleke wapi.

Biblia yenyewe ni ya Union, ile tafsiri ya 1952 ambayo wengi wetu tumekulia. Ilikuwa ya mume wangu. Yeye alitoka Ikolomani, Kakamega, kwa Waluhya, mimi ni Mjaluo wa Nyando, kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyemlazimisha mwenzake lugha yake. Tuliomba kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili. Alikuwa seremala. Mstari ukimgusa alitoa penseli sikioni, akaandika tarehe pembeni. Tarehe tu, bila maelezo. Alifariki Juni 2021, wakati kaunti 13 za upande wetu huu zilipowekewa kafyu ya Korona, saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Tulimzika upesi, watu wachache, bila kesha. Tangu hapo tarehe zile ndizo nilizokuwa nikisoma, kuliko hata mistari yenyewe.

Kisha ikaja masika ya 2024. Sisi wa chini ya Ahero tunaujua Mto Nyando, tumeuzoea, lakini maji ya mwaka ule yaliingia usiku na asubuhi yalikuwa yamepita godoro. Biblia ilikuwa kwenye droo ya chini ya kabati alilolitengeneza mwenyewe. Nilibeba wajukuu na vyeti, sikuikumbuka.

Tulihifadhiwa kwenye madarasa ya shule ya msingi. Simu yangu ina Biblia, lakini chaji tulikuwa tunapanga foleni, na nilipoipata niliitunza kwa ajili ya kuwapigia watoto. Siku moja akaja mhubiri na kipaza sauti, akatuambia maji hufuata dhambi, tutubu kijiji kizima. Alipoondoka, mama mmoja kijana aliyepoteza mbuzi wote na akiba ya mpunga akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli?" Nimefundisha Kiswahili darasani miaka thelathini na ushee na kanisani mimi ni msomaji wa ibada. Nilijua jibu liko katika Ayubu. Nilimweleza jinsi wale marafiki watatu wa Ayubu walivyokaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, na hapo ndipo walipofanya vizuri. Walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia dhambi ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu mwenyewe akamwambia Elifazi, mmoja wao, kwamba hawakunena yaliyo sawa. Akaniomba nimsomee. Mkononi sikuwa na kitu. Nilitamani kitabu kile kuliko nilivyotamani blanketi.

Tuliporudi nyumbani niliikuta imevimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi, matope hadi Mambo ya Nyakati. Nikaianika juani juu ya mabati, na hilo ni kosa ambalo fundi alinionyesha baadaye: jua hukausha upesi na kurasa hukunjamana. Kitabu kilicholowa kianikwe kivulini penye upepo, kimesimamishwa na kufunguliwa kama mbawa, na katikati ya kurasa uweke karatasi za shashi zinazonyonya maji, uzibadilishe kila zikilowa.

Nilikaa nayo hivyo hivyo miezi. Kwanza nilijaribu njia ya mwanangu nikanunua mpya, duka moja mjini ambalo sitalitaja. Jalada zuri, kingo za dhahabu. Mwezi wa nne tangu niinunue, Warumi yote ilidondoka kwenye ibada kama majani. Ilikuwa imebandikwa gundi tu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua Biblia katikati, uinamishe, utazame kichwa cha uti wa kitabu. Ukiona mikunjo midogo midogo, kila mmoja kama daftari dogo, na uzi ukionekana katikati ya mkunjo, imeshonwa. Ukiona ukingo ulionyooka kama ubao, rudisha rafuni.

Fundi wa Kibuye nilielekezwa na mshona viatu. Kibanda chake kiko upande wa mafundi wa viatu, mabati matupu, hakina jina. Ni kijana wa miaka kama thelathini, mpole, anaita kila mama "mathe" na wazee "mzee wangu". Aliifungua Biblia yangu kwa vidole viwili, akanusa, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mathe, haya maandishi ya penseli niyafute au niyaache? Wengine huniambia niyafute." Nikamwambia akifuta hata tarehe moja simlipi. Akacheka kidogo, kisha akanionyesha jambo. Yale niliyoandika mimi kwa kalamu ya wino, miaka yote ya mahubiri, yamekuwa ukungu wa buluu. Penseli ya marehemu imebaki yote. Maji hayaiwezi penseli.

Nilirudi mara mbili kumwona akifanya kazi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nadhani ni heri watu wajue pesa zao zinanunua nini. Alivua jalada la zamani. Akakata uzi uliooza, akatenganisha mikunjo mmoja mmoja, akapiga tope kavu kwa brashi ya rangi iliyo laini. Kurasa zilizogandana alizipitisha kwenye mvuke wa birika, kisha akazifungua kwa kisu cha meza kisicho na makali, pole pole, akipumua kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Mikunjo yote akaibana kati ya mbao mbili na betri kuukuu ya gari juu yake, siku nne. Ndipo akashona, kwa sindano kubwa na uzi aliousugua kwa mshumaa, kila mkunjo ukifungwa kwa mwenzake. Gundi nyeupe ya mbao ilikuja mwisho, juu ya kitambaa cha uti. Anasema gundi ni ya kusaidia, anayebeba ni uzi.

Akiwa anashona aliniuliza nani alitafsiri maneno haya. Nikamwambia ile ya Union ni kazi ya wengi, iliyotafuta Kiswahili kimoja kati ya cha Unguja na cha Mvita. Lakini kabla yao alikuwapo Krapf, mmisionari Mjerumani, pale Mombasa, aliyeanza kutafsiri Mwanzo Juni 1844, na Julai ya mwaka uleule akamzika mke wake Rosina na binti yao mchanga. Fundi alinyamaza, akavuta uzi. Mimi pia huwa sina la kuongeza hapo.

Karatasi moja haikupona, ile yenye Zaburi ya 88. Ilipasuka vipande mvukeni. Fundi alinipigia simu kunieleza kabla ya kuendelea, na hilo nampa sifa kamili, maana angeweza kushona tu na nisigundue kwa mwaka mzima. Tulitoa fotokopi kwenye Biblia nyingine ya chapa ileile, akaishona mahali pake. Karatasi ya fotokopi ni nene kuliko zile nyembamba za Biblia, kwa hiyo sasa nikiiweka mezani na kuiachia, hufunguka hapo yenyewe. Wanaoijua Zaburi hiyo wanajua haimalizikii kwenye nuru. Zaburi nyingi za kilio hupinda mwishoni zikasifu. Hii inaishia gizani, neno la mwisho kabisa ni "gizani". Miaka yote niliiruka kwenye ibada kwa sababu sikujua niwaambie nini watu baada yake. Nimeisoma mbele ya akina mama wa Nyando mara mbili tangu niipate, na sikuongeza neno. Yule mama kijana alilia, akaniomba nirudie. Kuwamo kwa Zaburi hiyo ndani ya Maandiko kunanitosha. Sikujua kama mume wangu aliwahi kuandika tarehe kwenye karatasi ile iliyopasuka, na sasa sitajua.

Tarehe zilizosongamana zaidi ziko 1 Petro 1, kwenye "kujaribiwa kwa imani yenu", na imani hiyo inaitwa ya thamani kuu kuliko dhahabu. Yakobo 1 ina maneno yaleyale, na kwa Kigiriki pia wote wawili wametumia neno moja, dokimion, la kupima kitu kama ni halisi. Nimesikia mahubiri mengi yanayofanya jaribu liwe kama mtihani wa darasa la nane, Mungu amekaa na kalamu nyekundu. Mume wangu hakukubali. Mama yake aliosha mchanga wa dhahabu Ikolomani. Alichanganya na zebaki, kisha akachoma juu ya makaa, zebaki ikaondoka na moshi, ikabaki punje ndogo kama ya mtama. Mume wangu alisema moto hauiulizi dhahabu maswali, unaonyesha tu kilichokuwamo. Lakini alisema pia kwamba mikono ya mama yake ilitetemeka hadi kaburini kwa sababu ya moshi ule, na hakuna aliyewaambia kuwa ni sumu. Kwa hiyo alipofika kwenye mstari huo hakupaza sauti. Nawaomba wahubiri wetu nao wasipaze, hasa mbele ya watu ambao bado wana tope miguuni.

Sasa kasoro. Aliniahidi Alhamisi, nikaichukua baada ya wiki tatu. Nauli ya matatu kutoka Ahero mara tano si mchezo. Mkunjo mmoja aliushona si mahali pake, nikawa natoka 2 Wafalme na kurudi 1 Wafalme. Nilimrudishia, akafumua na kushona upya bila kuniomba hata shilingi, ila ilikuwa safari nyingine. Jalada ni gumu, halilali vizuri mkononi. Ule utepe wa kuwekea alama ni mfupi mno, haufiki chini. Na kurasa hazikuwa bapa tena, wala doa la tope halikutoka. Alinitahadharisha mapema kuhusu hayo, kwa hiyo simlaumu.

Jumamosi usiende, yeye ni Msabato. Jumapili yupo, lakini siku hiyo Kibuye inafurika watu na hutapata nafasi ya kuzungumza naye. Nenda katikati ya wiki, asubuhi. Hesabuni kurasa pamoja kabla hujamwachia kitabu, na mwambie mapema asikate kingo kwa mashine, kwa sababu huwa anakata ili zilingane, na pembezoni ndiko kuliko na maandishi.