Chakula hai cha chura wa majini: uanze na mbegu ipi ukiwa Mtwara

Chura wa kucha, yule wa majini tunayemfuga, hana ulimi. Mdondoshee nyungunyungu uone: anamrukia, anamsukumizia kinywani kwa mikono yote miwili, kama mtoto aliyesikia wali unakaribia kuisha. Kwa hiyo hela yako ya kwanza iende kwa nyungunyungu.

Mbegu yao, yaani wachache wa kuanzia kuzalisha, itafute kwa anayetengeneza mboji. Ingiza mkono kwenye ndoo na unuse: ikinuka uvundo, mshukuru uondoke. Wale wekundu wa kwenye samadi ndio wanaozaliana upesi, lakini wakiguswa hutoa ute wa njano na vyura wengine huwatema. Wangu alitema. Chukua wachache ujaribu kabla ya kujaza ndoo. Wa kahawia, wa udongo wa kawaida, wanaliwa bila ubishi ila wanazaliana taratibu. Walishe maganda ya ndizi na majani ya chai. Ndimu usitie, wala usirundike mabibo, yanachacha na ndoo inapata joto. Na usiwachimbe chini ya mikorosho iliyopuliziwa salfa, hata ukiambiwa ni bure.

Nafasi ya pili ni viroboto maji, vijidudu vidogo sana vinavyorukaruka majini, hasa kwa vyura wachanga waliokatika mkia juzi. Omba kikombe kimoja kwa mfuga samaki, uwatoe wadudu wengine mmoja mmoja, maana humo hujificha walao wenzao. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima klorini iishe, kisha wape viroboto maji ya kijani ya bwawani kama chakula.

Funza wa nzi askari, wale wa wafuga kuku, nawaweka nafasi ya tatu: wana mafuta mengi na ngozi ngumu. Mara moja kwa wiki inatosha.

Viluwiluwi vya mbu ni vya mwisho, ingawa vyura wanavipenda kuliko vyote na havigharimu kitu. Kwa joto letu hili, wiki moja hivi inatosha yai kuwa mbu. Niliwahi kusahau ndoo ikiwa na chandarua kilicholegea upande mmoja; usiku huo nyumba nzima haikulala, na asubuhi mama watoto akaimwaga bila kuniuliza.

Daa wa wavuvi waache kwenye ndoana. Ni wa maji chumvi, chura wako ni wa maji baridi.