Kufumua springi za Land Cruiser Arusha: kazi ya siku moja inayoshinda kuinua gari

Huduma inayopimwa hapa ni moja: kufumua springi za majani (vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) za ekseli ya nyuma, kuzisafisha, kisha kuzifunga upya kwa bushi (raba za kwenye viungo) na yubolti (boliti za umbo la U zinazoishika springi kwenye ekseli) mpya, kwenye gereji za kawaida kama zile za eneo la Unga Limited. Gari ni Land Cruiser ya familia ya 70. Toleo la HZJ75 lina springi za majani mbele na nyuma. HZJ78 na HZJ79 zimekuwa na koili mbele na majani nyuma tangu 1999. Hukumu kabisa: kwa mwenye hela kidogo anayetaka tairi zake zikae chini kwenye makorongo ya njia ya Engaruka, hakuna pesa inayofanya kazi vizuri kuliko hii. Ila fundi asimamiwe. Kazi ni rahisi, na kwa sababu ni rahisi ndiyo maana huharibiwa.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Kwa mafundi wetu "mchezo" ni ubovu: bushi imekwisha, usukani unacheza. Kinachotafutwa hapa ni kunyumbuka, yaani tairi moja ipande jiwe na mwenzake wa upande wa pili ashuke shimoni bila kuning'inia. Tairi likining'inia, difu isiyo na loku, yaani kifungo cha kuyalazimisha matairi mawili yazunguke pamoja, hupeleka nguvu zote kwenye lile linalozunguka bure hewani, na gari linasimama hapo hapo na fo-wili yake.

Wengi wakiambiwa springi ngumu hukimbilia kuinua gari. Bloku ya chuma chini ya springi ya nyuma, au pete juu ya koili ya mbele, huongeza kimo na haiongezi hata nusu sentimita ya kunyumbuka. Springi ni ile ile, shokapu ni ile ile, na kama shokapu haijarefushwa, ekseli sasa inashuka kidogo kuliko mwanzo, maana shokapu imeanza safari ikiwa imeshakunjuka nusu. Kuna na hasara isiyoonekana. Gari nyingi za familia hii zina vali ya breki ya nyuma yenye fimbo iliyoshikana na ekseli. Gari likiinuliwa bila kurekebisha fimbo hiyo, vali huona kama gari halina mzigo, nayo hupunguza breki za nyuma. Mteremko wa kuingia kreta ya Ngorongoro si mahali pa kugundua hilo.

Kabla ya kulipa chochote, pima. Egesha kwenye sakafu iliyonyooka, weka jeki ya trola chini ya ekseli ya mbele karibu na tairi la kushoto, kazia vizuizi matairi yaliyobaki, uinue taratibu huku mtu mmoja akilitazama tairi la nyuma la upande huo huo. Sekunde linapoanza kuachana na sakafu, simama upime kimo cha tairi la mbele kutoka chini. Wanaopima kwa njia inayojulikana duniani hutumia daraja lenye mwinuko wa nyuzi 20: umbali gari lilipopanda, gawa kwa urefu kati ya ekseli mbili, zidisha kwa 1,000. HZJ78 ina milimita 2,980 kati ya ekseli, kwa hiyo ikipanda sentimita 149 imepata 500, na hapo tairi liko juu kama sentimita 51. Tairi likiinuka sentimita 40 tu kwa jeki, ni sawa na kupata kama 390. Andika namba yako ukutani. Bila namba ya kabla, baada ya kazi kila fundi atasema "sasa imekuwa laini" na hutakuwa na la kumjibu.

Kipimo cha pili ndicho kinachookoa hela. Fungua shokapu za nyuma upande wa chini, inua chesisi, uache ekseli ishuke. Ikishuka zaidi kwa sentimita 4 au 5 kuliko ilivyoshuka na shokapu, kizuizi ni shokapu. Isiposhuka, kizuizi ni springi zenyewe, na kununua shokapu ndefu ni kumpa muuza spea sadaka.

Kwa magari yanayofanya kazi huku, mara nyingi ni springi. Majani hutakiwa kuteleza, moja juu ya jingine, kila ekseli inapocheza. Vumbi la njia ya Natron lina magadi, udongo wa mbuga unajipenyeza kila masika, maji yanakaa, kutu inavimba. Baada ya miaka kadhaa majani yameshikana kama kitu kimoja. Halafu ncha ya kila jani, ambayo ilikuwa na makali tangu kiwandani, imechimba mfereji kwenye jani la juu yake na kukwama humo. Ukiiweka springi ya namna hiyo mezani na kupitisha kidole chini ya springi mama, yaani jani la juu kabisa lenye macho, unausikia mfereji wenyewe kama ngazi ndogo, sentimita chache kutoka ncha. Hapo ndipo kunyumbuka kunapofia, na hapo ndipo jani hukatikia.

Kazi yenyewe hufanywa upande mmoja kwa wakati, ekseli isije ikatembea. Nati zote zinyunyiziwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Stendi mbili chini ya chesisi, si chini ya ekseli. Jeki ya pili ibebe ekseli. Toa shokapu, toa yubolti mbili, toa boliti za macho (matundu ya ncha za springi) na za sheko, yaani vile vyuma viwili vinavyoning'iniza mwisho mmoja wa springi. Springi ikiwa chini, ifungwe klempu nzito mbili kabla ya kugusa senta bolti, ile ya katikati inayoyashika majani pamoja. Fundi anayefungua senta bolti bila klempu, ondoka karibu naye: majani yamebanwa kwa nguvu na yakiachiwa ghafla yanaruka.

Vikuku vinavyofunga majani pamoja ni mahali pa kwanza pa kupata kitu bure. Vimepigwa nyundo vikabana kabisa, kwa hiyo springi ikitaka kushuka, majani hayaachani. Vifunguliwe vibaki na nafasi ya milimita 3 hadi 5 juu ya jani. Visitupwe. Bila kikuku, ekseli inaposhuka springi mama hubeba kila kitu peke yake, na majani ya chini hukaa mshazari kama karata zilizochanganywa.

Brashi ya waya, kisha diski laini ya msasa, kupiga kwa urefu wa jani. Mikwaruzo ya kukata upana ndiyo huanzisha ufa. Ncha za chini zizungushwe makali yake. Jani lenye mfereji mrefu au ufa libadilishwe, lisichomelewe. Narudia kwa sababu ndilo kosa kubwa la gereji zetu: springi haichomelewi na haipigwi gesi. Chuma chake kimepikwa na kupozwa kwa kipimo. Ukikiwekea moto hadi kiwe chekundu ili kukipinda, umekirudisha kuwa chuma cha dirisha. Kitakaa na upinde mzuri wiki mbili, kisha kitalala. Aliye na mashine ya kukandamiza hupinda kikiwa baridi, kidogo kidogo, hatua kwa hatua. Ulizia hilo kabla ya kuacha gari.

Grisi? Mafundi hupaka kama siagi kwenye mkate. Inalainisha kweli, kwa mwezi mmoja, halafu vumbi linaigeuza kuwa msasa. Kwa nchi yenye vumbi kama hii, unga wa grafaiti uliochanganywa kwenye rangi nyembamba, ukaachwa ukauke, una faida zaidi. Wengine huweka vipande vya plastiki ngumu kwenye ncha. Vinafanya kazi ilimradi vimefungwa visitoke.

Sasa swali linaloulizwa kila siku: je, nitoe jani moja? Kwa pikapu inayotembea tupu, ndiyo, na liwe lile jani nene lililonyooka la chini kabisa, lililowekwa kwa ajili ya mzigo. Pande zote mbili, moja tu. Kwa gari la watalii lenye viti saba, friji na paa la kuinua, hapana. Litakaa chini, litagonga raba ya kugongea (ile inayozuia ekseli isigonge chesisi) kila shimo, na hutapata kunyumbuka bali kugonga. Jani la pili kutoka juu lisiguswe kwa gari lolote, kwa sababu ndilo linaloshika jicho la springi mama ikivunjika.

Wakati wa kufunga kuna mambo matatu ambayo mteja anapaswa kuyaona kwa macho. Yubolti ziwe mpya, nne kwa ekseli. Za zamani zimeshavutika na hazikazi tena sawasawa. Bushi mpya sehemu zote tatu za kila springi: jicho la mbele, jicho la nyuma, na tundu la sheko kwenye chesisi. La tatu ndilo linalokosewa karibu kila mahali: boliti za macho na sheko zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, na uzito wake wote. Zikikazwa likiwa juu ya stendi, raba ya bushi inashikwa ikiwa imejipinda. Gari likishushwa, bushi inaanza maisha ikiwa imenyongwa. Inakataa kuachia springi, na kabla ya masika mawili imepasuka. Fundi akisema "haina shida, ni sawa tu", si sawa.

Sheko ndefu zinauzwa na kutengenezwa mtaani. Hesabu yake: sheko ikirefuka sentimita 5, gari hupanda 2.5 tu. Kwa nyuma zinasaidia springi inyooke zaidi inaposhuka, mradi ni bapa nene mpya zenye kiungo katikati, si sheko ya zamani iliyoongezwa kipande kwa welda. Kwenye HZJ75, ukiziweka kwenye ekseli ya mbele na sheko iko mbele ya springi, ekseli inainama mbele na usukani unakosa kurudi wenyewe. Gari linaanza kutangatanga barabara ya lami ya Makuyuni. Dawa yake ni kabari kati ya springi na ekseli, na kazi hapo imeshaacha kuwa ya bei nafuu. Kwa mbele, ziache.

Kwa wenye koili mbele, njia ya bure ni fimbo ya stabilaiza. Hii ipo makusudi kuzuia upande mmoja usicheze bila mwingine, kwa hiyo ukiachanisha viungo vyake viwili, ekseli ya mbele inanyumbuka papo hapo. Badilisha boliti ya chini ya kila kiungo kwa pini yenye kizuizi, uifunge fimbo juu isigonge mpira wa breki, upite korongo, uirudishe. Kuendesha lami bila hiyo, abiria wamesimama na paa liko wazi, ni kutafuta kupinduka kwenye kona ya kwanza. Waendeshaji wa Moshi wanaopanda Umbwe au Londorossi wakati wa mvua wanahitaji kuiachanisha zaidi kuliko wa Serengeti, ambako tatizo ni mabati ya barabara na si makorongo.

Kama kipimo kilionyesha shokapu ndiyo kizuizi, nunua kwa vipimo, si kwa jina. Urefu wake ikiwa imekunjwa hadi mwisho uwe mfupi kuliko nafasi kati ya vishikio vyake wakati ekseli imegusa raba ya kugongea, ibaki angalau sentimita 2. Ikiwa ndefu kuliko hapo, shokapu yenyewe ndiyo itakuwa raba, na itapasuka au ing'oe kishikio. Usikate raba kupata nafasi. Na kila ekseli inaposhuka zaidi, tazama vitu viwili ikiwa chini kabisa: mpira wa breki usikazwe kama kamba ya nguo, na propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, isifikie mwisho wa mteleko wake wala krosi (viungo vyake) zisibane. Zungusha kwa mkono usikie. Kwenye koili, hakikisha koili haitoki kwenye kiti chake; ikitoka, kipande cha bapa na boliti moja kinaishika chini.

Huduma za Arusha zina nguvu kwenye mikono na udhaifu kwenye umaliziaji. Kufumua na kusafisha hufanywa vizuri, na spea za familia ya 70 zinapatikana bila kuagiza Dar. Vinavyokosekana ni spana ya kipimo (inayopima nguvu ya kukaza), klempu, na subira ya kushusha gari kabla ya kukaza. Kubaliana mapema kwamba gari litarudi baada ya kilomita 100 au 200 za vumbi ili yubolti zikazwe upya, na usilipie hiyo safari ya pili. Ni sehemu ya kazi ya kwanza. Ukirudi, rudia kipimo cha jeki mbele ya fundi, na namba ya zamani iwe mfukoni.