Turbo ya milimita 94 kwenye injini ya lita 8.85: uzoefu wangu

Gari ni Chevrolet Chevelle ya 1970 tuliyoijenga mimi na shemeji yangu hapa Aurora, Colorado, kwa ajili ya mbio za robo maili, mita 402 za mstari mnyoofu. Injini ni Chevrolet ya bloku kubwa, inchi za ujazo 540, yaani lita 8.85. Nimeifungia turbo mbili kwa nyakati tofauti, na ya kwanza ilininyima usingizi msimu mzima. Turbo ni magurudumu mawili kwenye shafti moja: turbini huzungushwa na moshi wa ekzosi, na kompresa huisukumia injini hewa zaidi.

Hiyo ya kwanza ilikuwa ya milimita 88. Muuzaji aliniuliza swali moja tu kwenye simu: nataka nguvu za farasi ngapi? Nikamwambia 1,200. Akasema hii inatoa 1,500, utabaki na akiba. Nikalipa. Hakuuliza injini ina ukubwa gani, inafika mizunguko mingapi, wala tunakimbilia mji gani.

Gari lilikuwa linaondoka vizuri ajabu. Presha inapanda upesi, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Likifika mizunguko 5,400 hivi kwa dakika, linakufa. Halikohoi wala halikatikati, nguvu zinaisha tu. Tulibadilisha plagi, tukabadilisha springi za valvu, tukapima mafuta upya. Shemeji ndiye dereva, na kila akishuka ananiambia, "Shemeji, hii injini inakabwa shingo. Wewe tafuta huo mkono uko wapi."

Mkono niliupata siku nilipotoboa paipu ya ekzosi kabla ya turbo. Nilichomelea nati pale, nikafunga kibomba chembamba cha shaba nilichokizungusha kama springi mara nane, ili moshi upoe kabla ya kufika kwenye geji. Kisha nikabandika simu ikirekodi geji zote mbili. Tuliporudi kuitazama video, geji ya hewa inayoingia ilisoma psi 15 (pauni kwa kila inchi ya mraba, juu ya presha ya kawaida ya hewa). Ya ekzosi ilisoma 38. Injini ilikuwa inasukuma moshi wake kwenye ukuta, na moshi ulioshindwa kutoka unabaki ndani ya silinda na kuchukua nafasi ya hewa mpya.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Ile milimita 88 ni kipimo cha mdomo wa gurudumu la kompresa, upande wa hewa. Haisemi chochote kuhusu turbini, ambako moshi wa injini nzima lazima upite. Injini ya lita mbili inahitaji turbini ndogo ili turbo iamke. Bloku kubwa ina moshi wa kumwaga hata ikiwa mizunguko ya chini, kwa hiyo kuamsha turbo si shida yake kubwa. Shida yake ni kupumua kule juu.

Hesabu nilizifanya kwa kalamu. Lita 8.85, nusu yake kila mzunguko, mara 6,500 kwa dakika: karibu lita 28,800 za hewa hata kabla ya turbo kuongeza kitu. Kwa psi 15, ukizingatia joto na hasara, nilipata kama pauni 117 za hewa kwa dakika. Pauni moja hutoa takriban nguvu 10 za farasi, kwa hiyo lengo letu lilikuwa ndani ya uwezo. Lakini sisi tuko mwinuko wa mita 1,600, hewa nyepesi karibu kama ya kwetu Nakuru. Presha ya hewa hapa ni kama psi 12, si 14.7 ya pwani. Psi 15 za geji, zikiongezwa juu ya hiyo 14.7 kule Houston karibu na usawa wa bahari, ni kuzidisha presha mara mbili. Zikiongezwa juu ya 12 ya hapa kwetu Denver na Aurora, ni mara 2.25. Ramani ya kompresa, yaani mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha inaweza kusukuma hewa kiasi gani, huchorwa kwa hewa nzito, na ukirekebisha, zile pauni 117 zinasomeka kama 143. Farasi 1,500 za muuzaji ni kama pauni 150, kwa hiyo ile akiba niliyoahidiwa iliyeyuka.

Turbo ya pili ni Garrett GTX5533R, mdomo wa milimita 94, na upande wa turbini tulichagua nyumba kubwa, A/R 1.40 (kipimo cha njia ya moshi ndani ya nyumba hiyo; namba ikiwa kubwa, njia ni pana). Gurudumu la kompresa limechongwa kwa mashine, mistari ya kisu unaiona ukilisogeza kwenye mwanga. Beringi ni za gololi. Ukisukuma shafti kwa kidole inaendelea kuzunguka kimya.

Nyumba hiyo kubwa ina bei yake. Pale mstarini, presha ilichukua muda kupanda, na mara mbili shemeji aliachwa taa zikiwa zimeshawaka kijani. Ilibidi konvata ya giaboksi, kiunganishi cha mafuta kati ya injini na giaboksi, ifunguliwe na kurekebishwa iteleze zaidi, injini ipate mizunguko kabla gari halijaondoka. Ukipanga bajeti ya turbo, weka na ya konvata humohumo. Mimi sikuweka.

Tulikwenda Pueblo Motorsports Park. Kwa turbo ya kwanza tulikuwa tumekwama kwenye sekunde 9.58. Kwa hii tulipata 8.81, presha ileile ya psi 15, injini ikivuta mpaka 6,500 bila kulegea. Geji ya ekzosi ilisoma 20. Kibomba cha shaba sijakitoa. Shemeji anataka tupande hadi psi 20, nami nimemwambia tutapanda mbilimbili, na kila hatua naisoma kwanza ile geji.