Mkebe wa plastiki wa vibano vinne kwa kuhifadhi filamu: friji ndiyo, friza kwa uangalifu

Mikebe ya lita 1 yenye vibano vinne, ile ya vyakula inayouzwa sokoni Kibuye, inafaa sana kuhifadhia filamu mpya za kamera kwenye friji. Joto la Kisumu na unyevu wa ziwa huzeesha filamu: rangi huhama, ukungu huingia, na zile za ISO 800 kwenda juu, zenye wepesi mkubwa wa kuhisi mwanga, hutangulia kuharibika.

Kabla ya kununua, kagua mpira wa kifuniko. Chukua wa silikoni. Mpira wa kawaida hukakamaa kwenye baridi, hewa ikapenya. Kisha weka tishu kavu ndani, funga, zamisha majini dakika 10. Tishu ikilowa, mkebe huo ni wa sukari tu.

Tia gramu 20 za silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) ya rangi ya machungwa; ikigeuka kijani, ikaushe upya. Roli za 35 mm zibaki kwenye vikopo vyake, zile pana za 120 kwenye foili.

Udhaifu wake uko kwenye friza. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri vibano hukakamaa na kukatika ukivilazimisha. Na hata hivyo, ukiutoa mkebe usivifungue papo hapo: roli moja huhitaji saa 3 au zaidi kufikia joto la chumba, mkebe uliojaa uache usiku kucha. Ukiharakisha, umande huishika filamu na kuacha madoa.

Filamu zinazotoa picha papo hapo, Polaroid na Instax, zisiingie friza kabisa; dawa yake huharibika.

Stima ikipotea, usifungue mlango.