Bloku ya Maji ya Kadi ya Grafiki: Anza na Kifuniko, Taa Baadaye

Malalamiko ya bloku za maji, vile vipande vinavyofungwa juu ya kadi ili maji yapite ndani na kuipoza, ninayoletewa yanafanana kiasi kwamba naujua mwisho kabla sijamaliza kusoma. Kadi ilifungwa vizuri, mashine ikapiga kazi miezi kadhaa bila shida, halafu siku moja ikazima yenyewe katikati ya kazi. Kufungua ubavu, kuna unyevu juu ya pawa saplai. Mwenye mashine anamlaumu fundi, fundi analaumu pampu, muuzaji analaumu umeme wa mjini. Kifuniko hakuna anayekitazama.

Kijana mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, anayehariri video za harusi aliniachia bloku yake niikague. Kwa juu ilikuwa safi, inang'aa. Nikaigeuza ubavu na kuimulika kwa tochi ya simu. Kuzunguka tundu la kuingizia maji kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, zimeanzia kwenye hesi na kutambaa kuelekea skrubu ya jirani. Ukipitisha ukucha huzisikii. Maji lakini yanazipata, hasa yakishakuwa ya moto na pampu ikiyasukuma.

Kwa hiyo leo sitakwambia ipi inapoza kwa nyuzi mbili zaidi ya mwenzake. Bloku nzuri za kufunika kadi nzima zinapishana kidogo tu, na kwa hali ya hewa yetu tofauti hiyo inamezwa na chumba chenyewe. Maji ya kwenye mzunguko hayapoi chini ya joto la chumba, na chumba kisicho na AC pale Ngamiani mwezi wa pili mchana kinagonga nyuzi 31 au 32. Suala la bloku kulingana na ubao wa kadi nalo mnalijua: bloku ya RTX 3080 Founders Edition, ile ya Nvidia wenyewe, haikai kwenye RTX 3080 ROG Strix ya Asus hata uibembeleze vipi. Soma jina kamili la kadi na namba ya toleo kwenye stika, tuendelee.

Plastiki mbili

Chini ya bloku kuna bamba la shaba, tupu au lililopakwa nikeli, lenye mifereji midogo midogo iliyochongwa pale inapokaa chipu. Hapo ndipo joto linapohamia kwenye maji. Juu kuna kifuniko, na kati yao oringi, mpira wa kuzuia maji yasivuje. Kifuniko kinakuja kwa plastiki za aina mbili: akriliki, ile inayoonyesha ndani, na asetali, ambayo mara nyingi ni nyeusi, haionyeshi kitu, na kwenye maboksi mengine inaandikwa POM. Matangazo karibu yote ni ya akriliki kwa sababu ndiyo inayopitisha taa. Asetali haitoki vizuri kwenye picha, kwa hiyo hakuna anayeipigia debe.

Akriliki ni ngumu lakini haina mnyumbuko. Ukiibana kupita kiasi haikwambii siku hiyo. Mkazo unabaki ndani yake, hasa kwenye hesi na pembezoni mwa matundu ya skrubu, unasubiri kitu cha kuumalizia. Kitu chenyewe mara nyingi ni spiriti. Fundi gani hapa mjini hana chupa ya spiriti? Anasafishia pesti ya zamani ya kupitishia joto kwenye chipu, na hapo hajakosea, chipu haina neno. Halafu kwa kitambaa kile kile anafuta na kifuniko, alama za vidole zitoke, mteja akabidhiwe kitu kinachong'aa. Alkoholi ikikuta akriliki yenye mkazo inaitia nyufa. Dawa nyingi za kusafishia vioo zina alkoholi au amonia, nazo ni hizo hizo. Asetali haijali spiriti.

La pili tumelirithi kwa mafundi bomba. Matundu ya bloku hizi yana hesi ya G1/4, kipenyo chake milimita 13 na kidogo, na ni hesi iliyonyooka. Haizidi kubana kadiri inavyoingia. Kinachozuia maji pale ni oringi iliyo shingoni mwa fitingi, kile kiungio cha mpira wa maji, inayolalia uso wa kifuniko. Unakaza kwa vidole mpaka oringi ikae, unaongeza kidogo, umemaliza. Fundi aliyezoea mabomba ya chuma anazungushia tepu nyeupe raundi kadhaa, anachukua spana, anakaza mpaka roho yake itulie. Tepu imeongeza unene ndani ya hesi, spana imemalizia, na ufa umeshaanza siku ile ile ya kufunga. Nawaheshimu mafundi bomba, ila wasiachiwe bloku ya akriliki peke yao.

Kuna bloku ambazo kipande chenye matundu ya fitingi kinafungwa kwa skrubu pembeni, hakijachongwa kwenye kifuniko chenyewe. Hizo nazipendelea, maana kipande kikiharibika unakibadilisha na bloku inaendelea kuishi.

Nipangavyo mimi

Ya kwanza ni Heatkiller ya Watercool, Wajerumani, yenye kifuniko cha asetali. Nina upendeleo na sioni haya kuusema. Kwa wenye GTX 1080 Ti, kadi ya 2017 inayokula wati 250 na ambayo bado inafanya kazi za watu, tafuta Heatkiller IV. Kwa RTX 3080 yenye wati 320, tafuta Heatkiller V. Heatkiller zinatoka kwa akriliki na kwa asetali, kwa hiyo usiagize kwa kutazama picha ya kwanza, soma mpaka uone neno lenyewe. Ukipata ya shaba tupu, chukua. Itabadilika rangi, hewa ya chumvi ya Raskazoni itaigeuza kahawia kwa nje, na joto halihusiki na rangi. Shaba tupu haina nikeli ya kubanduka. Ninachokipenda zaidi kwenye kazi yao ni uzito wake mkononi na jinsi skrubu zinavyoingia bila kulazimishwa. Ni ghali, inazidi euro 100 hata kabla ya usafiri, na mwenye kadi ya bei ndogo asijisumbue, aongeze feni.

Ya pili ni EK ya Slovenia. Hawa wana tabia moja nzuri ambayo wauzaji wetu wangeiga: jina la bloku linataja chuma na kifuniko. Ukiona Nickel + Plexi, ujue ni nikeli na akriliki. Copper + Acetal ni shaba tupu na asetali, na hiyo ndiyo unayoitaka. Nickel + Acetal nayo inafaa. Mitumba ya EK ipo mingi kuliko ya Watercool, maana waliuza sana. Nimewaweka nyuma kwa sababu mwaka 2024 zilitoka habari za kampuni hiyo kuchelewesha malipo ya wafanyakazi na wasambazaji, na mimi nikinunua kitu cha maji nataka nijue oringi ya akiba nitaipata mwakani. Angalizo moja: waliwahi kuwa na vifaa vya Fluid Gaming vilivyotumia alumini. Ukikuta mtumba wa aina hiyo, usiuchanganye na rejeta ya shaba. Alumini na shaba zikikaa kwenye maji yale yale, alumini inaliwa, na uchafu wake unakwenda kuziba mifereji ya bloku.

Ya tatu ni Alphacool, Wajerumani pia. Eisblock Aurora zao ni nzuri lakini kifuniko ni akriliki, ndiyo maana zimeshuka mpaka hapa. Wana pia za asetali kwenye mfululizo wa ES, zilizolengwa kadi za kazi na seva. Ukibahatika kukuta inayolingana na kadi yako, ipandishe mwenyewe mpaka nafasi ya pili, sitagombana na wewe.

Wanaouliza za bei nafuu: Bykski na Barrow, za China. Orodha ya kadi wanazozihudumia ni ndefu kweli, na vifuniko vingi ni akriliki. Kaza kwa vidole.

Zipo pia zile za kufaa kadi yoyote, zinazofunika chipu tu. Utahama nayo kutoka kadi hii kwenda ile, hilo ni kweli, lakini memori na sehemu ya umeme vinabaki bila maji na lazima uvibandikie vipoozi vyake na kuvipulizia feni. Kwa RTX 3090 sahau kabisa. Nusu ya memori zake ziko mgongoni mwa ubao, na memori hizo, aina ya GDDR6X, ni za moto. Hata bloku kamili ya kadi ile inahitaji bamba la nyuma la maana.

Sasa wauzaji

Nilimuuliza muuzaji mmoja wa mtandaoni swali rahisi: kifuniko ni akriliki au asetali? Akajibu, "Dada angu, rangi zote zinawaka." Nikauliza tena, akanitumia video ya taa zikicheza. Bei yenyewe haikuandikwa, imeandikwa "njoo inbox", na ukienda inbox unaulizwa kwanza uko wapi. Ukisema Tanga bei inakuwa nyingine, kana kwamba bloku inakuja kwa mguu kutoka Kariakoo, wakati basi la kushuka stendi ya Kange kila mtu anajua mzigo mdogo ni shilingi ngapi. Wanaosemwa "waja leo waondoka leo" nadhani ni hawa, maana ukurasa uliouza bloku leo, mzigo ukivuja ukurasa haupo.

Halafu kuna neno "original". Original ya nani? Bloku haina jina la kampuni, haina namba ya modeli, boksi jeupe, lakini ni original. Nyingine zinauzwa kwa jina la shaba na ni alumini iliyopakwa rangi. Usitegemee sumaku kukuamulia, haishiki shaba wala alumini. Tegemea mkono: kwa ujazo ule ule, shaba inaizidi alumini uzito zaidi ya mara tatu. Bamba kubwa la kadi nzima linalokaa mkononi jepesi, rudisha. Na yule anayesema bei imepanda kwa sababu ya kodi, mwombe risiti ya EFD uone mtandao utakavyokuwa chini ghafla. Asilimia 18 ya VAT naikubali kulipa, ila niione kwenye karatasi.

Nikikasirika hivi watu huniambia niagize mwenyewe kutoka nje. Naagiza. Ila si kila kijana ana kadi ya benki inayokubali malipo ya huko, na si kila mtu ana ndugu anayesafiri. Duka la kweli, lenye bei ukutani na mtu anayejua anachouza, lingepata wateja hapa mjini.

Maji

Watu wanapoteza bloku nzuri kwa maji mabaya, kwa hiyo hili siliruki. Usitie maji ya bomba, hata kama yametoka safi bwawa la Mabayani na kutibiwa, na ya kisima ndiyo usiyaguse, yana madini yatakayoganda kwenye mifereji. Tumia maji yaliyochujwa madini. Mitaani yanauzwa kama maji ya betri kwenye vituo vya mafuta na maduka ya spea, lakini soma chupa vizuri, kwa sababu rafu hiyo hiyo ina asidi ya betri na chupa zinafanana. Maji hayo peke yake hayatoshi, yanahitaji dawa ya kuzuia kutu na kuvu. Kimiminika cha tayari cha kompyuta kikikosekana, kulanti kidogo ya gari iliyochanganywa na maji hayo inafanya kazi, ina kinga ya kutu ndani yake. Ni sumu, iweke mbali na watoto na paka.

WaterGuard na Jik, hapana. Kuna wanaotia matone machache kuua ukijani. Klorini inashambulia asetali, na vyuma navyo haiviachi salama. Hii ndiyo njia pekee ninayoijua ya kuharibu haraka kifuniko nilichokisifia ukurasa mzima.

Kwa mwenye akriliki tayari

Huna haja ya kuitupa. Ivue, isafishe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, suuza, iache ikauke yenyewe. Kagua kila tundu kwa tochi ya ubavuni. Ikiwa na nyufa, badilisha kifuniko au bloku, gundi haisaidii. Ikiwa safi, rudisha fitingi kwa vidole, bila tepu. Skrubu za kifuniko zikaze kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa spana fupi ya L.

Kabla ya maji, jaribu kwa upepo. Aqua Computer wanauza kipimo kinachoitwa Dr. Drop kwa kazi hiyo, lakini pampu ya baiskeli yenye geji inatosha, na Tanga baiskeli hazijawahi kuadimika. Usizidishe shinikizo la baa 0.5. Funga, subiri robo saa, mshale ukishuka tafuta panapovuja kabla hujaingiza tone lolote.

Na ukiagiza bloku kutoka nje, weka oringi za akiba kwenye oda ile ile. Ukizifuata baadaye peke yake, usafiri wa mfuko mmoja wa mipira utazidi bei ya mipira yenyewe.