Mafunzo ya Siku Tatu ya Mkakati wa Biashara Jijini Mbeya: Tathmini ya Mshiriki

Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo ya siku tatu kuhusu ubunifu, ujasiriamali na mkakati wa biashara, yaliyofanyika katika ukumbi mmoja wa hapa jijini Mbeya. Waandaaji sitawataja, kwa kuwa ninachopima ni huduma yenyewe. Ada ilikuwa shilingi 150,000 pamoja na chai na chakula cha mchana. Tangazo lao liliahidi kufundisha yaliyothibitishwa na watafiti badala ya hadithi za matajiri, na ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya nifunge duka langu la pembejeo kule Uyole kwa siku tatu za msimu.

Siku ya kwanza ilianza vibaya. Asubuhi nzima iliishia kwenye nguvu tano za ushindani, alizozieleza Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1979: ushindani wa walio sokoni, tishio la wageni wanaoingia, bidhaa mbadala, na uwezo wa wauzaji na wanunuzi kubana bei. Slaidi zilikuwa za Kiingereza, na mifano ilikuwa ya mashirika ya ndege. Aliyetuokoa ni mzee mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga Igurusi, aliyenyosha mkono na kusema, "Mwalimu, majirani zangu wana mashine kama yangu na bei yetu ni moja. Mteja haji kwangu kwa ajili ya mashine, anafuata ghala." Akaeleza kwamba mkulima huhifadhi magunia kwake baada ya mavuno bila malipo, husubiri bei ipande, kisha hukoboa hapo hapo na kumuuzia mwenye lori. Mwezeshaji alizima projekta na kumkabidhi mzee chaki. Nusu saa ile ilitosha kurudisha sehemu kubwa ya ada yangu.

Siku ya pili sina lawama nayo. Tulisomewa utafiti wa Ryan na Gross, uliochapishwa mwaka 1943, kuhusu wakulima 259 wa jimbo la Iowa, Marekani, na namna walivyopokea mbegu chotara za mahindi. Wengi walizisikia kwanza kwa wachuuzi wa mbegu, lakini waliowashawishi kuzipanda walikuwa majirani zao, na hata hivyo walianza na kipande kidogo cha shamba. Mimi niliyezoea kubandika mabango ya kampuni za mbegu ukutani nilijiona nimeguswa. Tangu nirudi, nimeanza kumwomba mteja mmoja wa kila kijiji aweke kibao pembezoni mwa shamba lake, mahali ambapo wapita njia watayaona mahindi yenyewe.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya nipunguze alama. Mwezeshaji alieleza vizuri jaribio lililofanyika Lomé, Togo, na kuchapishwa mwaka 2017. Wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: wa kwanza hawakufundishwa, wa pili walipewa mafunzo ya kawaida ya biashara, na wa tatu walifundishwa tabia ya kuanzisha mambo wenyewe, kutazama mbele na kutokata tamaa. Faida ya kundi la tatu ilipanda kwa asilimia 30, ilhali ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 11 tu, kiwango ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati. Ukumbi ulipiga makofi, kana kwamba asilimia 30 hizo zilikuwa zetu tayari.

Lakini wale wa Lomé walikaa darasani saa 36 zilizotandazwa kwa wiki nne, kisha mkufunzi akawatembelea kwenye biashara zao mara moja kila mwezi kwa miezi minne. Sisi tulipewa siku tatu mfululizo bila ziara hata moja. Nilipouliza, nilijibiwa kwa upole kwamba nauli ya kufika Igurusi, Tukuyu na Mbozi ingepandisha ada. Jibu hilo ni la kweli, ila tangazo halikulisema.

Kwa mwenye biashara inayotembea na daftari la mauzo, ningeshauri aende, hasa kwa ajili ya siku ya pili. Anayetafuta mtaji asipoteze fedha zake, kwani suala hilo halikuguswa kabisa. Mimi na mzee wa Igurusi tumekubaliana kutembeleana wenyewe kila mwezi, na zamu ya kwanza ni yangu.