Straidi au novelti? Sikiliza mkono wa kushoto

Straidi na novelti ni mitindo ya kupiga piano, zote mbili ni watoto wa ragtaimu, ule muziki wa zamani wa piano wa Marekani, na mwaka huohuo wa 1921 mpiga piano James P. Johnson alirekodi Carolina Shout, ambayo ni straidi, na mwenzake Zez Confrey akarekodi Kitten on the Keys, ambayo ni novelti. Sasa jamani sikilizeni mkono wa kushoto wa Johnson, unaruka, besi chini kabisa kwenye pigo la 1 na la 3, kordi (noti kadhaa kwa pamoja) katikati ya kinanda kwenye la 2 na la 4, halafu ghafla anageuza mpangilio na wewe unajikuta unayumba, maana huu muziki ulipigwa kwenye pati za Harlem, mtaa wa New York, za kuchangishana kodi ya nyumba. Novelti ya Confrey ni vidole vya kulia, mbiombio, safi, imeandikwa noti kwa noti. Tamu kweli, ila mimi straidi ndo inanisimamisha.